Bahari iko mashariki ya kiwanja chetu: nyumba tuijenge vipi?

*"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi na mke wangu tumejaaliwa kupata kiwanja cha mita 25 kwa 40 kusini mashariki ya Unguja, baina ya Jambiani na Makunduchi. Ule upande wa mita 25 ndio unaotazama bahari, mashariki. Tuna watoto wanne, na bimkubwa wangu, yaani mama yangu, anayeumwa magoti, atahamia kwetu. Tunataka bahari ionekane kila chumba. Fundi ametuletea ramani aliyoitoa kwenye intaneti: nyumba ya ghorofa moja, ukuta wa mbele wote vioo kutoka chini mpaka juu, juu slabu. Pesa hazitoshi kwa mara moja, hivyo anasema tujenge chini kwanza, nondo za nguzo tuziache zimechomoza, ghorofa tuje tumalizie. Mchanga anasema tuchote pale pale pwani, mvua ikiupiga chumvi yote inatoka. Bimkubwa vioo havitaki kabisa, anasema atakuwa kama amekaa njiani. Mimi naona anaogopa mambo mapya tu. Tufuate lipi?"*

Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu, na hongereni kwa kiwanja. Unaniuliza mambo matatu kwa pamoja: vipi muione bahari, vipi mkae raha mbele yake, na vipi nyumba isiliwe na chumvi. Ramani ya fundi inajibu lile la kwanza tu, na hata hilo inalijibu nusu. Rai yangu nakupa mapema ili usome ukijua ninakoelekea: kuiona bahari kutoka kiwanja kama chenu ni jambo jepesi kuliko yote. Fedha na akili yenu zipelekeni kwenye kivuli na kwenye zege. Na katika hoja ya vioo, bimkubwa wako yuko sawa, tena kwa sababu za kiufundi.

Tuanze na upepo na jua, kwa sababu ndivyo vitakavyoamua kama ukumbi wenu utakalika saa 8 mchana. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia mwezi wa 4 au wa 5 hadi wa 9 au wa 10. Kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi, ndiyo miezi ya joto kali. Kwa kiwanja kinachotazama mashariki, pepo zote mbili zinatoka upande ule ule wa bahari. Hii ni neema. Mwenye kiwanja Mkoani, Pemba, anayetazama bahari ya magharibi, anaiona bahari mbele na upepo unampiga kisogoni, tena jua la kuchwa linamwingilia ukumbini. Yeye ningemshauri mengine kabisa. Nyinyi mnachotakiwa ni kuufungulia upepo mlango wa kuingilia na wa kutokea. Chumba chenye tundu upande mmoja tu hakipiti hewa hata kikiwa ufukweni, kwani upepo ukikosa pa kutokea, hauingii. Dirisha la mbele linahitaji mwenzake ukuta wa nyuma, na la nyuma lisiwe dogo kuliko la mbele.

Hapo ndipo ukuta wa vioo unapoharibu. Watu hudhani kioo kikubwa ni hewa nyingi. Vioo vile vya chini hadi juu vingi ni vya kufungwa moja kwa moja, na vile vya kusukuma pembeni hufunguka nusu tu ya upana wake, kwa sababu nusu moja lazima ikae nyuma ya nyingine. Na jua je? Kuanzia linapochomoza mpaka kama saa 3 na nusu asubuhi liko chini, linaingia moja kwa moja, na maji yanalirudisha mara ya pili machoni. Mwanga ukipita kioo unapasha moto sakafu, makochi na kuta. Vitu hivyo vinatoa joto lao, na joto hilo kioo hakiliruhusu kurudi nje kama kilivyouruhusu mwanga kuingia. Kufikia saa 4 asubuhi mtavuta mapazia na kuwasha eyakondishani. Yaani mmenunua kioo cha bei ili mkifunike, na kila mwezi mnalipia umeme wa kuondoa joto mlilolikaribisha wenyewe.

Dawa yake ni ya zamani na iko mjini kwenu. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) mwaka 1883 mbele ya bahari, aliizungushia baraza pana juu ya nguzo, ghorofa kwa ghorofa. Nyumba yenu haihitaji ukubwa ule, lakini kanuni ni ile ile: jua likutane na kivuli kabla halijakutana na ukuta. Baraza ya upana wa mita 3, dari lake likiwa mita 2.7 kutoka sakafuni, huufunika ukuta wote wa mashariki kuanzia baina ya saa 3 kasorobo na saa 3 na nusu asubuhi, kutegemea na mwezi. Kabla ya hapo jua ni la asubuhi, halichomi kama la mchana. Mita 1 au 1 na nusu ambayo mafundi wengi huchora haitoshi upande huu. Kuta za kusini na kaskazini ndizo rahisi kukinga, kwa sababu huku kwetu, nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Ukingo wa paa wa mita 1 unatosha. Magharibi ndiko adui wa alasiri: pangeni huko vyoo, stoo na jiko, dirisha dogo dogo. Jiko likiwa magharibi, moshi na harufu ya samaki hutoka bila kupita ukumbini, msimu wowote.

Kwa hiyo lile la "kila chumba kione bahari" naomba mlitazame upya. Ningeichora nyumba yenu kwa umbo la herufi L. Mbele, sambamba na bahari: baraza, ukumbi, chumba cha bimkubwa na chenu. Vyumba vya watoto viwe mkono unaorudi nyuma upande wa kusini, ili vikinge ua na kusi kali ya Juni na Julai. Wao watapata dirisha la upande na hewa ya kutosha. Bahari wataiona barazani, ambako ndiko watakakokaa. Ua wa nyuma uwe wa kupikia, kufulia na kukaa wanawake bila kuonekana.

Sasa urefu wa macho, jambo ambalo ramani za kwenye intaneti hazilitaji. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha kawaida, macho yake yako kama sentimita 115 kutoka sakafuni. Aliyelala na mto, sentimita 70 au 80. Dirisha likianzia sentimita 100, kama mafundi walivyozoea, aliyelala ataona mbingu tu. Kwa chumba cha bimkubwa nataka kizingiti cha dirisha kiwe sentimita 55 au 60, na nondo za dirisha zipangwe nafasi chini ya sentimita 10 ili mjukuu asipenye. Ukuta wa uzio nao upimeni hivyo hivyo. Ukiwa na uzio wa mita 2 mbele, na sakafu ya baraza imeinuka sentimita 60, macho ya aliyekaa yako mita 1 na sentimita 75: mtatazama matufali miaka yote. Njia ya kwanza ni kuinua sakafu hadi mita 1.2. Lakini mteremko wa kumfaa mtu mwenye magoti mabovu, au kiti cha magurudumu siku ikibidi, ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mita 1.2 inataka njia ya mita 14 na zaidi. Sakafu ya sentimita 60 inataka mita 7 na kidogo, inaingia vizuri ubavuni mwa nyumba. Mimi ningeiacha sakafu sentimita 60, nikashusha uzio wa mbele hadi mita 1.2, wa pembeni nikauacha mrefu.

Utaniuliza: na faragha? Bimkubwa ameliona jambo ambalo mchoraji wa ramani hakulijua. Pwani yenu si tupu. Maji yakipwa, kina mama wanapita kwenda kwenye mwani, wavuvi wa pweza wanapita, wageni wanapita na kamera zao. Na kanuni ya jicho ni hii: aliye gizani humwona aliye kwenye mwanga, na aliye kwenye mwanga hamwoni aliye gizani. Mchana, aliyekaa ndani ya kivuli cha baraza ya mita 3 anaiona pwani yote na mpita njia haoni uso wake. Usiku mambo yanageuka: washa taa nyuma ya ukuta wa kioo, na familia nzima inaonekana kutoka ufukweni. Wazee wetu wa Mji Mkongwe waliliweza hili kwa roshani na madirisha ya mbao yenye vibao vya mshazari, hewa inapita, jicho la nje halipiti. Wekeni milango ya mbao ya namna hiyo upande wa bahari, ikunjuke yote, upana wote uwe wazi mkitaka. Kioo kikiwepo, kiwe nyuma ya mbao hizo, kwa siku za mvua na kusi ya kupuliza chumvi. Kwa hivyo usimhesabu bimkubwa kuwa anaogopa usasa. Anajua kukaa pwani.

Nije kwenye chumvi, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu kosa la kioo hurekebishika na kosa la zege halirekebishiki.

Nondo iliyo ndani ya zege nzuri haishiki kutu. Saruji ikiungana na maji hutoa hali ya ukali kama wa chokaa, na katika hali hiyo nondo hujivika ngozi nyembamba sana inayoilinda. Chumvi inapoifikia, huitoboa ngozi hiyo. Kutu ikianza, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa, mara mbili na zaidi, na nafasi hiyo haipo; basi inailazimisha zege kupasuka kutoka ndani. Umewahi kuona nyumba za pwani ambazo zege ya chini ya baraza imebanduka mabamba mabamba, nondo nyekundu zikachungulia? Hayo ndiyo. Rangi ya juu haizuii, na kuziba kwa plasta mpya ni kuficha ugonjwa. Chumvi huingia kwa njia mbili: ya hewa, inayochukua miaka na inayoweza kucheleweshwa, na ile mnayoichanganya wenyewe siku ya kumwaga.

Mchanga wa pwani ni hiyo ya pili. Mvua huosha tabaka la juu la lundo. Ndani chumvi inabaki, na hakuna anayeligeuza lundo zima na kuliosha kwa maji matamu mpaka ndani. Zaidi ya hayo, kuchota mchanga ufukweni bila kibali ni kosa, na mchanga ule ndio unaovunja nguvu za mawimbi mbele ya kiwanja chako mwenyewe. Nunueni mchanga wa bara kutoka machimbo yanayoruhusiwa, hata kama usafiri unauma. Maji nayo ni hivyo hivyo: visima vingi vya ukanda wenu vina magadi au chumvi. Kipimo cha haraka ni ulimi. Ukihisi chumvi, maji hayo yasiguse zege yenye nondo. Yatafaa kushindilia kifusi tu.

Kisha ile ya hewa. Unene wa zege kutoka uso wa nje hadi nondo ya kwanza uwe milimita 50 kwa nguzo, bimu na slabu zinazopigwa na upepo wa bahari. Mafundi wengi huacha 20 au 25. Unapimwa kwa rula kabla ya kumwaga, na nondo zinakalishwa juu ya vipande vidogo vya zege vya unene huo, si juu ya kokoto wala vipande vya mbao. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka lita 22 hadi 25 za maji, ukihesabu na unyevu ulio kwenye mchanga. Ni ndoo moja ya lita 20 na kidogo. Utamwona kijana anaongeza ndoo ya pili ili zege iteleze. Yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vijitundu, na ndivyo vichochoro vya chumvi. Mkishamwaga, funikeni kwa magunia na mwagilieni kwa siku 7 zisizopungua, 14 ni bora, kwa maji matamu. Hakuna kitu cha bei nafuu kinachoongeza umri wa nyumba kuliko hicho, na hakuna kinachopuuzwa zaidi.

Pia punguzeni chuma kilicho nje. Vibaraza vyembamba vya zege vinavyoning'inia na mapambo ya zege juu ya madirisha ndivyo vinavyooza mwanzo. Paa la baraza libebwe na mbao ngumu zilizotibiwa mchwa; bawaba, skrubu na makomeo viwe vya chuma cha pua. Na fungeni paa kwa nguvu hadi kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Vimbunga kwetu ni nadra, lakini kile cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja kwa wingi.

Hapa linakuja swali la ghorofa na zile nondo za kuchomoza. Nakwambia wazi: usifanye. Nondo inayosimama nje mbele ya bahari kwa miaka mitano au kumi, kutu haikai juu peke yake. Inateremka ndani ya kichwa cha nguzo, maji yanaifuata, na siku mtakapokuwa na pesa ya ghorofa, nguzo zitakazoibeba zitakuwa zimeshapasuka. Mna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuamua nyumba ya chini moja kwa moja, yenye paa la bati la mteremko na nafasi ya hewa juu ya dari. Kwa bimkubwa na kwa mfuko wenu mimi ninaipenda hii, na mita 25 kwa 40 inawatosha. Slabu inayoachwa bila paa hunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku mkilala. Bati liwe lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki au aluminiamu tupu, kwani bati la kawaida pwani halidumu. Ya pili, kama ghorofa ni lazima, jengeni sasa msingi na nguzo zilizohesabiwa kuibeba, nondo zile za juu zipakwe uji mzito wa saruji kisha zifunikwe ndani ya zege dhaifu itakayovunjwa baadaye, na paa la bati lipite juu yake yote. Ina gharama, lakini ni kweli.

Msingi wenyewe utakaa juu ya jiwe la matumbawe. Ni gumu, ila lina mapango. Pango la Kuumbi halipo mbali nanyi. Kila nguzo itakapokaa, pagongwe na patobolewe kwa mtaimbo mrefu kuona kama chini ni jiwe au ni uwazi. Uwazi huo huo ndio sababu shimo la choo la wazi halifai: maji machafu hayachujiki, yanakimbilia kisimani na kwenye maji ya bahari yaliyo baina ya pwani na mwamba wa nje, ambako mwani unalimwa. Tumieni tangi lililofungwa lenye vyumba viwili au vitatu, na shimo la kunyonyea liwe mbali na kisima na mbali na pwani. Jengeni na birika la maji ya mvua. Paa lenu litawalipa kila masika.

Kuhusu mpaka wa bahari: umbali wa kujenga unahesabiwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa sana, si pale ulipoyaona siku ya kununua. Bamvua letu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, hupanda na kushuka kama mita 4. Nendeni kiwanjani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hasa Machi au Septemba, mtie alama mahali maji yalipoishia. Kisha mwulize mpima na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA) mruke umbali gani, kabla ramani haijachorwa. Na mtu akikushauri ukuta wa mawe ufukweni wa kuzuia mawimbi, mkatalie: wimbi likigonga ukuta mgumu hurudi kwa nguvu, linachimba mchanga wa chini yake, na ncha za ukuta hula pwani ya jirani.

Jambo la karatasi nalitaja kwa ufupi. Kwa sheria ya mwaka 1992 ya matumizi ya ardhi, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Kwetu miti huweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi. Ikiwa kiwanjani pana minazi, hakikisheni kwa sheha na kwa Kamisheni ya Ardhi kwamba mlichonunua ni haki ya ardhi na miti, si minazi peke yake. Na njia ya kina mama ya kushukia pwani kama inapita hapo, iacheni ndani ya ramani tangu mwanzo.

Yaliyobaki hayawezi kumalizwa kwa barua. Fundi wenu anaweza kuwa hodari wa mkono, lakini ramani ile haijui jua lenu wala chumvi yenu. Tafuteni msanifu majengo aliyesajiliwa aje asimame kiwanjani. Mkichagua ghorofa, mhandisi wa majengo ni lazima, na mapango ya chini nayo ayaangalie yeye. Kama hamna uwezo wa kumlipa asimamie kazi yote, mlipeni aje siku tatu: msingi ukiwa wazi kabla haujamwagwa, nondo za nguzo na bimu zikiwa zimefungwa kabla mbao hazijazifunika, na asubuhi ya kumwaga slabu au mkanda wa juu. Mwambieni fundi tangu siku ya makubaliano kwamba zege haimwagwi mpaka mhandisi ametia saini, na liandikwe kwenye mkataba wake.